Kuzungumza Mapema: Utangulizi wa Elimu ya Demensia na Maamuzi ya Mwisho wa Maisha

Elimu unayoifungulia mlango leo imejengwa juu ya maswali mawili ambayo familia nyingi huyakwepa. La kwanza: mtu anayepotewa na kumbukumbu anaendelea kuwa nani? La pili: nani atamsemea siku ambayo hataweza tena kujisemea, hasa maisha yake yanapokaribia ukingoni? Daktari ana sehemu yake katika majibu, mwanasheria ana yake, hata mwanafalsafa, shehe na padri. Huhitaji kuwa mmoja wao ili uanze. Unachohitaji ni subira ya kuweka misingi kwanza, maana mabishano katika uwanja huu ni mengi, na wanaoanzia kwenye mabishano hutoka na hasira bila maarifa.

Mwenyeji wetu safari nzima atakuwa Wendy Mitchell, Mwingereza aliyelea mabinti wawili peke yake huku akifanya kazi katika Huduma ya Taifa ya Afya ya nchi yake, NHS, ambako alikuwa akipanga zamu za wauguzi katika hospitali mjini Leeds. Kazi ya namna hiyo humtaka mtu awe na kichwa chepesi: nani yuko zamu, nani yuko likizo, nani amebadilishana na nani. Yeye alikuwa nacho. Halafu akaanza kuanguka akiwa anakimbia mazoezi, maneno yakaanza kumponyoka, na kichwa kikawa kizito. Julai 2014, akiwa na miaka 58, aliambiwa kwamba ana demensia.

Angeweza kujifungia ndani. Badala yake alizunguka nchi nzima akizungumza na wauguzi, watafiti na wanafunzi wa udaktari, akawaambia mambo ambayo hakuna kitabu cha tiba kilichokuwa kimewaeleza kwa sauti ya mgonjwa mwenyewe. Alitembea juu ya makaa ya moto, akaruka na mwavuli kutoka ndegeni, akasimama juu ya bawa la ndege angani, yote hayo baada ya utambuzi wa ugonjwa, kwa ajili ya kuchangisha fedha na, nadhani, kwa ajili ya kuwashangaza waliokwisha kumhesabu kuwa maiti anayetembea. Kwa msaada wa mwandishi Anna Wharton aliandika vitabu vitatu: cha 2018 kuhusu maisha yake, cha 2022 kuhusu demensia kwa jumla, na cha 2023 kuhusu kifo. Alifariki tarehe 22 Februari 2024, akiwa na miaka 68. Namna alivyofariki tutaieleza baadaye kidogo, kwa sababu ukiisoma bila misingi utaielewa vibaya, ama kwa kumhukumu au kwa kumtukuza.

Tuanze basi na demensia yenyewe. Si jina la ugonjwa mmoja. Ni jina la hali ambayo ubongo unaharibika hatua kwa hatua kiasi cha kuathiri kumbukumbu, lugha, upimaji wa mambo na utendaji wa kila siku. Magonjwa yanayoileta ni mengi. Lililo kubwa ni ugonjwa wa Alzheimer, ambao Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa unachangia asilimia 60 hadi 70 ya visa vyote. La pili ni demensia ya mishipa ya damu, inayotokea pale damu isipofika vizuri kwenye sehemu za ubongo, mara nyingi baada ya viharusi, vikubwa au vidogo visivyoonekana. Mtu anaweza kuwa na aina mbili kwa pamoja; Mitchell aliambiwa ana mchanganyiko wa namna hiyo. Kwa hesabu za Shirika hilo, mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa wakiishi na demensia, na zaidi ya asilimia 60 yao walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo usiione kuwa ni habari ya Wazungu na nyumba zao za wazee.

Hapa wanaoanza hukwama mara mbili. Hudhani kwamba demensia ni uzee tu. Sivyo: uzee huongeza hatari, lakini wazee wengi hufa wakiwa na akili zao timamu, na wapo wanaopata demensia kabla ya miaka 65, kama mwenyeji wetu. Hali hiyo huitwa demensia ya mapema. Hata mgonjwa wa kwanza aliyeelezwa na Alois Alzheimer, daktari wa Kijerumani ambaye jina lake limebaki kwenye ugonjwa huu, hakuwa mzee. Auguste Deter alipelekwa hospitalini Frankfurt mwaka 1901 akiwa na miaka 51. Alipofariki mwaka 1906, Alzheimer alichunguza ubongo wake kwa hadubini akakuta mabonge ya protini nje ya seli za neva na nyuzi zilizosokotana ndani yake. Wala ugonjwa huu si laana wala kijicho cha jirani. Una alama zinazoonekana kwenye kioo cha maabara.

Kosa la pili ni kudhani kwamba demensia ni kusahau tu. Mitchell alikuwa akilirudia jambo hili karibu kila mahali alipozungumza. Zulia jeusi mlangoni linaweza kuonekana kama shimo, na sakafu inayong'aa ikaonekana kama maji. Kelele za mgahawa zinaweza kumchosha mtu kuliko mlima. Yeye aliona kwamba kilicho nyuma ya mlango wa kabati kilikuwa kama hakipo, ndiyo maana alitaka vitu vya jikoni viwe mahali pa kuonekana. Siku moja alimwona baba yake, aliyekwisha kufariki zamani, bustanini. Badala ya kupiga kelele alichukua kifaa chake akapiga picha, kisha akasubiri na kuiangalia: kama picha haina mtu, basi ubongo ndio uliomchezea. Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza nilifikiri kwamba hii ni sayansi halisi, dhana na jaribio na hitimisho, inafanywa na mtu ambaye wengine wangemnyang'anya hata funguo za nyumba.

Tena alikuwa akiandika kwa urahisi kuliko alivyozungumza. Ulimi ulipokwama, vidole bado vilikwenda. Sababu yake ni ya msingi: ugonjwa hauupigi ubongo wote kwa usawa. Sehemu inayotunza matukio mapya, iitwayo hipokampasi, mara nyingi huharibika mapema katika ugonjwa wa Alzheimer, ilhali sehemu nyingine huendelea kufanya kazi kwa miaka. Waelimishaji wa Uingereza hulifafanua jambo hili kwa mfano wa makabati mawili ya vitabu, mfano ambao Mitchell aliupenda. Kabati la kwanza, la matukio na majina, ni jepesi. Likitikiswa, vitabu vya rafu ya juu, yaani mambo ya juzi na jana, huanguka kwanza, na vya chini, vya utotoni, hubaki. Kabati la pili ni la hisia, nalo ni la mbao nzito. Likitikiswa halimwagiki kwa urahisi. Kwa hiyo mama anaweza kusahau kwamba ulimtembelea asubuhi, lakini furaha ya kutembelewa ikabaki naye mpaka jioni. Vivyo hivyo uchungu wa kukaripiwa.

Ukishalielewa hilo umefika kwenye nguzo ya kwanza ya elimu hii, nguzo ambayo jina lake kubwa ni Tom Kitwood. Alikuwa mwanasaikolojia katika Chuo Kikuu cha Bradford, kaskazini mwa Uingereza, na kitabu chake cha 1997 kilibadilisha namna ya kuwatunza watu wenye demensia. Hoja yake ilikuwa rahisi kuisema na ngumu kuitekeleza. Kinachomharibu mgonjwa, alisema, si ubongo unaonyauka peke yake, bali pia jinsi tunavyomtendea: kumharakisha, kumdanganya, kumsemesha kama mtoto, kuzungumza juu yake akiwa amekaa hapo hapo. Utu, kwa maana aliyoipa Kitwood, ni hadhi ambayo mtu hupewa na wale anaohusiana nao, kwa hiyo wanaweza kuilinda au kuivunja. Miaka mingi baadaye chuo hicho hicho kilimtunuku Mitchell shahada ya heshima ya udaktari. Inafaa. Mwanafunzi mwingine yeyote angeandika tasnifu kuhusu nadharia ya Kitwood; yeye aliiishi.

Sasa nguzo ya pili: uwezo wa kuamua. Neno uwezo hapa lina maana ya kisheria, nalo ndilo litakalobeba sehemu yote iliyobaki ya mazungumzo yetu, kwa hiyo tulia nalo. Nchi nyingi zina sheria za namna hii. Nitatumia ile ya Uingereza na Wales ya mwaka 2005, kwa sababu ndiyo iliyomhusu mwenyeji wetu na kwa sababu imeandikwa kwa uwazi wa kupendeza. Inaanza kwa kusema kwamba kila mtu mzima achukuliwe kuwa ana uwezo wa kuamua mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kisha inauliza mambo manne. Je, anaelewa taarifa zinazohusu uamuzi huo? Je, anaweza kuzishika akilini kwa muda unaotosha kuamua? Je, anaweza kuzipima, huku na huku? Je, anaweza kueleza uamuzi wake, kwa ulimi, kwa mkono, hata kwa kukonyeza jicho?

Angalia vizuri swali la pili. Halisemi kwamba lazima akumbuke kesho. Linasema kwa muda unaotosha. Maana yake ni kwamba mtu mwenye demensia anaweza kufanya uamuzi halali leo saa nne asubuhi na kusahau saa kumi kwamba aliufanya. Angalia pia kwamba uwezo hupimwa kwa uamuzi mmoja mmoja. Mzee anaweza kushindwa kusimamia mauzo ya shamba na bado akaweza kabisa kusema nani alale naye chumbani hospitalini. Sheria hiyo ina kifungu kingine ambacho wanafunzi wangu hukipenda sana au kukichukia sana: uamuzi usio wa busara machoni pa wengine si ushahidi kwamba mwenye kuufanya hana uwezo. Wanaokipenda ni vijana. Wanaokichukia, nimeona, ni wale wenye wazazi wagonjwa.

Kwa kuwa uwezo huo utapungua, sheria hiyo hiyo inampa mtu vyombo vya kuipeleka sauti yake mbele. Cha kwanza ni tamko la matakwa, karatasi inayoeleza unachokipenda na unachokithamini: dini yako, chakula chako, kama unataka kufia nyumbani. Halimfungi daktari, lakini lazima alitazame. Cha pili kina nguvu zaidi, nacho ni uamuzi wa awali wa kukataa matibabu. Ukisema humo kwamba hutaki kuwekewa mashine ya kupumulia, au hutaki kusukumwa kifua ili moyo uliosimama urudi, na ukasaini mbele ya shahidi kama sheria inavyotaka, daktari anafungwa nao. Kina mipaka miwili unayopaswa kuijua. Huwezi kukitumia kudai matibabu, bali kuyakataa tu. Wala huwezi kukataa kwa njia hiyo kuhudumiwa kwa mambo ya msingi, kama kuogeshwa au kuletewa chakula na maji ya kunywa kwa mdomo. Cha tatu ni hati ya uwakala, ambayo kwayo unamteua mtu, tuseme binti yako, aamue mambo ya afya yako pindi wewe utakaposhindwa.

Msomaji mmoja ataniuliza: haya yote ya nini, si watoto wapo? Wapo, ndiyo. Lakini fikiri juu ya jambo ambalo huikuta familia nyingi. Demensia huua, ukweli ambao hata madaktari huusema kwa kigugumizi. Mwaka 2022 demensia ndiyo iliyokuwa kisababishi kikuu cha vifo Uingereza na Wales. Katika hatua za mwisho mtu hushindwa kumeza, chakula huingia njia ya hewa, homa ya mapafu hufuata. Hapo huja swali la mpira wa kulishia unaopitishwa puani au tumboni. Mtoto mmoja anasema tuweke, hatuwezi kumwacha mama na njaa. Mwingine anasema tumwache apumzike. Wote wawili wanampenda, na hakuna anayejua mama mwenyewe angesema nini, kwa sababu hakuna aliyemuuliza alipoweza kujibu. Wataalamu wa tiba ya wazee, kwa taarifa yako, hawapendekezi mpira huo katika demensia iliyokomaa. Haujaonekana kurefusha maisha wala kuzuia homa ya mapafu, na wanashauri kulisha kwa mkono, taratibu, kijiko kwa kijiko. Lakini ni wangapi wanaolijua hilo wakiwa wamesimama kwenye korido ya hospitali usiku wa manane? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nao walikuwa wakisema juu ya familia pamoja na mgonjwa.

Nguzo ya tatu ni tiba shufaa, yaani huduma ambayo lengo lake ni kuondoa maumivu na mateso ya mwili, moyo na roho, si lazima kuponya. Mama yake mlezi ni Cicely Saunders, aliyefungua Hospisi ya St Christopher jijini London mwaka 1967. Hospisi ni mahali au huduma ya kuwatunza wanaokaribia kufa. Saunders alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa ni ya jumla: ya mifupa, ya hofu, ya deni ambalo halijalipwa, ya Mungu anayeonekana kukaa kimya. Wazo hilo halikuishia Ulaya. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala, ambako mofini ya unga ilichanganywa na maji ikawa dawa ya kunywa, ya bei nafuu, ambayo mgonjwa anaweza kuinywa nyumbani kwake. Kufikia mwaka 2004 Uganda ilikuwa imebadilisha kanuni zake ili wauguzi waliofunzwa waweze kuiandika. Nakwambia haya ili usije ukadhani kwamba kufa bila maumivu ni anasa ya nchi tajiri. Ni suala la kupanga, na majirani zetu walipanga.

Tulia hapa kabla hatujaendelea, maana watu wengi huchanganya mambo matatu tofauti. Kukataa matibabu ni kuuacha ugonjwa uende zake. Sheria nyingi zinaruhusu, na mafundisho mengi ya dini hayapingi mtu kukataa matibabu yasiyo na faida na yenye mzigo mkubwa. Tiba shufaa haiharakishi kifo wala haikicheleweshi. Jambo la tatu ndilo lenye moto: kifo cha kusaidiwa, ambapo daktari humpa mtu dawa ya kumaliza maisha naye akainywa mwenyewe, na yuthanasia, ambapo daktari mwenyewe ndiye anayeitoa. Jimbo la Oregon nchini Marekani limeruhusu la kwanza tangu 1997, kwa mtu ambaye madaktari wanaona amebakiwa na miezi sita au pungufu. Uholanzi na Ubelgiji ziliruhusu yuthanasia kwa sheria mwaka 2002. Kenya na Tanzania haziruhusu lolote kati ya hayo. Kumsaidia mtu kujiua ni kosa la jinai, na ndivyo ilivyokuwa Uingereza alikoishi Mitchell.

Sasa tumefika pagumu, na nadhani hapa ndipo elimu hii inapoanza kuwa na utamu wake, kama mtu anaweza kusema utamu. Tazama masharti ya Oregon pamoja na yale uliyojifunza juu ya uwezo wa kuamua. Mtu mwenye demensia anapokuwa na uwezo wa kuamua, bado ana miaka kadhaa ya kuishi. Hafikii sharti la miezi sita. Anapofikia miezi sita ya mwisho, uwezo umekwisha kuondoka. Milango miwili, na kila mmoja hufungwa kabla mwingine haujafunguka. Muswada uliopitishwa na Bunge la Makabwela la Uingereza tarehe 20 Juni 2025, kwa kura 314 dhidi ya 291, ulijengwa juu ya masharti ya aina hiyo hiyo. Mitchell, aliyetaka sana sheria ibadilishwe, hangefaidika nao hata angekuwa hai.

Waholanzi walijaribu njia nyingine. Sheria yao inamruhusu mtu kuandika ombi lake mapema, ili lichukue nafasi ya sauti yake baadaye. Kwa karatasi, tatizo limetatuliwa. Kisha mwaka 2016 ikaja kesi ya mwanamke wa miaka 74, mgonjwa wa demensia iliyokomaa, aliyekuwa ameandika ombi la namna hiyo. Siku ilipofika hakuambiwa. Dawa ya usingizi ilitiwa kwenye kahawa yake, na alipozinduka na kujivuta, familia ilimshika wakati daktari akimaliza. Daktari alishtakiwa na kuachiwa huru, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikathibitisha kwamba ombi lililoandikwa mapema linaweza kufuatwa. Wapo waliopumua. Wapo, hata miongoni mwa madaktari wa Kiholanzi wanaounga mkono yuthanasia, ambao walisema hawataweza kamwe kumfanyia hivyo mtu asiyejua kinachotendeka.

Nani ana haki: yule aliyeandika, au yule aliyejivuta? Wanafalsafa walikuwa wamekwisha kulijadili swali hili miaka mingi kabla. Mwaka 1991 mwanafunzi mmoja wa udaktari nchini Marekani alieleza habari za mwanamke aliyeitwa Margo, mwenye ugonjwa wa Alzheimer, aliyesoma riwaya kwa kurukaruka kurasa na kuchora picha ile ile kila mara, naye alikuwa mwenye furaha isiyo ya kawaida. Mwanasheria Ronald Dworkin, katika kitabu chake cha 1993, akauliza: tuseme Margo, alipokuwa mzima, aliandika kwamba akipata ugonjwa huu asitibiwe na aachwe afe. Je, tumtii? Dworkin alijibu ndiyo. Maisha ya mtu, alisema, ni kazi moja yenye maana, na yule aliyekuwa na akili kamili ndiye mwenye mamlaka ya kuamua ikamilishwe vipi. Rebecca Dresser, mwanasheria mwenzake, akampinga: aliye mbele yetu ni Margo wa sasa, anafurahia siku yake, na hatuwezi kumtoa kafara kwa ajili ya hofu za mtu ambaye hayupo tena.

Soma pande zote mbili kabla ya kuchagua. Mimi binafsi humwelemea Dresser inapokuja kwa mtu mwenye furaha, na humwelemea Dworkin inapokuja kwa mpira wa kulishia na mashine. Najua kwamba hilo si jibu nadhifu. Na wapinzani wa kifo cha kusaidiwa wana hoja ambazo hazitokani na dini peke yake, ingawa dini nazo zimesema kwa uzito kwamba uhai si mali ya mtu kuutupa. Watetezi wa watu wenye ulemavu huuliza: ikiwa jamii imekwisha kukuona mzigo, chaguo lako ni huru kiasi gani? Huzuni kali, yaani sonona, huwapata watu wengi wenye demensia, nayo hutibika. Mtu anayesema anataka kufa huenda anasema kwamba hajapata tiba ya sonona, au kwamba hakuna anayekuja kumtembelea. Kwa sababu hiyo daktari mzuri, na ndugu mzuri, hulichukua tamko hilo kwa uzito mara moja, huuliza, hukaa, na huita msaada.

Turudi kwa Mitchell. Alitaka kifo cha kusaidiwa kiwe halali nchini mwake, na aliandika hivyo waziwazi. Kwa kuwa hakikuwa halali, na ugonjwa ulipofika mahali ambapo aliona atapoteza uhuru wa kujiamulia, aliamua kuacha kula na kunywa. Alikuwa bado na uwezo wa kuamua, na sheria haiwezi kumlazimisha mtu wa namna hiyo kula. Mabinti zake walikuwa wakiyajua mawazo yake kwa miaka. Walikuwa wamebishana nayo, wamelia juu yake, wameuliza maswali yote. Aliacha barua ya kuwaaga wasomaji wake, nao wakaitoa baada ya kifo chake. Unaweza kuuona uamuzi huo kuwa haki yake. Unaweza kuuona kuwa msiba ambao jamii yenye huduma bora ingeuzuia. Kuna watu wenye demensia, wanaharakati wenzake, walioumia kwa kuusikia, kwa kuogopa kwamba wenye afya wataufanya kipimo cha ujasiri. Hofu yao ni ya haki. Ndiyo maana ni kosa kumkumbuka kwa siku zake za mwisho na kuisahau miaka ile karibu kumi ya kamera, safari na mihadhara. Yeye mwenyewe alisema kwamba kuzungumza juu ya kifo kulimwondolea mzigo akapata nafasi ya kuishi, na ukikisoma kitabu chake cha 2023 utaona kwamba sehemu kubwa yake ni mazungumzo na madaktari, wauguzi na familia, si kampeni.

Wengi mnaosoma utangulizi huu mna ndugu anayefanya kazi ya utunzaji katika nyumba za wazee huko Uingereza, na ninyi wenyewe mna wazazi nyumbani, Tanga au Kisumu au Bukavu. Ndugu huyo amekwisha kuziona fomu nilizozieleza; muulize. Nyumbani hakuna haja ya fomu ili kuanza. Chagua saa ambayo mzee huwa na akili iliyotulia, mara nyingi asubuhi, zima redio, kaa chini kidogo kuliko yeye. Usianze na kifo. Muulize ni nani angependa azungumze na daktari kwa niaba yake akiwa hoi. Muulize ni nini kinachoifanya siku yake iwe nzuri, na ni nini ambacho asingekivumilia. Muulize kama amewahi kumwona mtu akifa vibaya, na kile kilichomsumbua katika kifo hicho. Wazee wengi wana jibu la swali hili, wamelibeba miaka, na hakuna aliyewahi kuwauliza. Andika anachosema kwa maneno yake, msomee, mwulize kama ndivyo. Kisha rudia baada ya miezi michache, kwa kuwa watu hubadili mawazo, na yeye ana haki hiyo pia.